Nyekundu Iivute Njano

"Mzee, leo utasema. Usituzungushe," alisema Rory, amekalia mashine yake nyekundu, helmeti mapajani. "Kwenye theluji ya kina, mlimani kabisa, ipi ni bora?"

Odell Brandvold alipangusa pua kwa glavu. Yeye alikuwa fundi wa mashine za theluji, zile kama pikipiki za kuteleza juu ya theluji, na fundi, alizoea kusema, hana rangi. Za njano alizifungua, nyekundu alizifungua, zote zilimchafua mikono.

"Ya njano nyepesi," akasema. "Katikati ya miti unaipinda utakavyo. Nyekundu ina nguvu kule juu, hewa inapopungua. Basi."

"Basi nini, Baba?" Tess, binti yake wa pekee, akacheka. Ya njano ilikuwa yake. "Hilo la huyu ni trekta! Likizama utaita mji mzima."

"Na lako cherehani," Rory, mumewe, akamrudishia. "Kashonee mapazia."

Ndivyo tulivyo huku kwetu Idaho. Mtu atabadili kanisa, rangi ya mashine habadili ng'o. Na tuna mchezo wetu mmoja wa kijinga: mashine ya rangi moja ikikwama, ikavutwa na ya rangi nyingine, picha hupigwa na kubandikwa ukutani kwenye karakana ya Odell. Aliyevutwa huchekwa mpaka theluji iyeyuke.

Basi wakaamua kuzipima kwenye mteremko mpana ulio juu ya ziwa: atakayefika juu zaidi ndiye mshindi. Odell akabaki pembeni, kwenye miti. Walipanda kwa zamu, maana sheria hiyo yeye ndiye aliyeifundisha nusu ya mji. Anayekwama ajichimbue mwenyewe. Hakuna kumfuata, kwa sababu theluji iliyombeba mmoja huenda isiwabebe wawili.

Rory alitangulia. Akageuza karibu na mwamba, akashuka akipiga mayowe ya furaha. Tess naye akapanda, akampita! Lakini alipojaribu kugeuza, mkia wa mashine ukadidimia na injini ikazimika. Wakamwona akivua begi la mfuko wa hewa, lile la kumwelesha mtu theluji ikiporomoka, ili apate nafasi ya kuchimba, huku akipiga theluji teke kwa hasira.

"Cherehani limekwama!" Rory alicheka nusura aanguke. "Mzee, niende?"

Odell alikuwa na jibu moja la swali hilo, na alilitoa maisha yake yote. Sijui siku hiyo aliingiwa na nini. Alicheka kama mtoto, akavua glavu, akachomoa simu. "Nenda, nenda upesi! Hii ndiyo picha ya mwaka!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, na mkuu mwenyewe akipotoka?

Nyekundu ikafika chini kidogo ya njano. Odell alikuwa akiwatazama kwenye simu, vidole vikimuuma kwa baridi, alipoona mstari mwembamba juu ya vichwa vyao. Alidhani kioo kimepata ufa. Akakipangusa kwa kidole gumba. Mstari ukapanuka.

"Mungu wangu! Tess! Tess!"

Mlima wote ukateremka. Rory alivuta kamba ya begi lake, mfuko ukajaa hewa, akaelea juu ya theluji akibingirishwa hovyo. Ya njano ilionekana mara moja, juu chini, ikamezwa. Kisha vumbi jeupe likasimama hewani.

Odell hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka tu kile kifaa cha kumtafuta aliyefukiwa, mkononi mwake, kikilia polepole, kikaharakisha, na yeye akikiomba kama mtu anayeomba daktari. Rory alikuja akichechemea, mkono mmoja ukining'inia. Wakachimba. Kwanza ikatokea glavu, halafu uso, midomo imegeuka samawati. Odell akamtoa theluji mdomoni kwa kidole kitupu.

Tess akakohoa. Akavuta pumzi kwa mkoromo mbaya, akavuta nyingine. Rory akaanza kulia kwa sauti, bila haya.

Walipomtoa mpaka kiunoni, macho yake yalimtafuta mumewe.

"Mbona ulipanda?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Sheria unaijua, Rory. Kwa nini ulipanda?"

Rory akainamisha kichwa. Akaendelea kuchimba kwa mkono wake mzima.

"Ni mimi, mwanangu," Odell akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilitaka picha."

"Wewe?"

"Mimi."

Tess alimkodolea macho, akitetemeka, kama anayesubiri aambiwe ni utani. Mkono wake ulikuwa katikati ya viganja vya baba yake, aliyekuwa akiusugua upate joto. Tess akauchomoa taratibu, akauingiza ndani ya koti la Rory.

Odell akabaki amepiga magoti, viganja wazi, lile vumbi jeupe likiendelea kutua juu yake.