Chakula Kwanza, Rubani Baadaye

Bibi mmoja, Nei Teborata, alikuwa mkali wa mila kuliko wazee wote wa kisiwa chao katika Bahari ya Pasifiki. Mgeni akifika, huketishwa katika nyumba ya mkutano, hulishwa akashiba, ndipo hupewa habari. Anayeropoka mapema huzomewa, na mara nyingi mzomeaji alikuwa yeye.

Basi Lionel alipotia nanga asubuhi ile, wote walijua anachotafuta. Ndege aliyoirusha nduguye, Hugh, ilikuwa imepotelea baharini. Meli za serikali zilishamtafuta pande zote za visiwa vya Gilbert zikakata tamaa, lakini Lionel aliendelea kuzunguka visiwani na mashua yake ya kubebea mbata. Tena wote walijua kwamba rubani huyo yu hai, kalala nyumbani kwa Nei Teborata na mguu uliovunjika, analalamikia mbu.

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee Tebuka, akimsogezea samaki na magimbi.

"Sina njaa, mzee. Niambieni tu, mmemwona?"

"Kula kwanza."

"Kila kisiwa mnanilisha, halafu mnaniambia hamkumwona." Lionel alisimama. "Jibu nimeshalijua. Wacha niondoke kabla maji hayajakupwa."

Wazee waliinamia mkeka. Nei Teborata alimtazama mgeni akigeuka kuondoka. Huyu akiondoka, mguu wa Hugh utaoza, maana daktari yuko mbali na mashua nyingine haijulikani itakuja lini. Tena matonge yale aliyajua. Mwanawe alipopotea na mtumbwi, naye alizunguka visiwa, akameza samaki wa watu kwa matumaini, na kila alipomaliza aliambiwa pole.

"Yuko kwangu," alisema. "Mguu umevunjika, mdomo mzima. Nenda, nyumba ile yenye kuku weupe."

Lionel alitoka mbio, viatu kaviacha. Punde wakasikia watu wazima wawili wakilia na kucheka kwa pamoja, na wazee nao wakaanza kutabasamu, isipokuwa Tebuka.

"Teborata, umevunja mila mbele ya mgeni. Wewe, unayetuzomea sisi kila siku."

"Haya, nizomeeni."

Hakuna aliyeanza. Nei Teborata alijivutia chakula cha mgeni, akamega samaki, akala kwa raha zake.

"Visiwa vyote vile nilikula," alisema, "nikimngoja mtu mmoja tu wa kunikatiza."