Kichujio cha Gari la Radoy

Figo za mume wangu Radoy zimekufa, kwa hiyo husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Hospitali iko katikati ya mji, sisi tunakaa kijijini, na basi letu hupita adhuhuri tu, naye zamu yake ya mashine ni asubuhi. Uhai wake ulitegemea gari letu kuukuu la dizeli, na dereva ni mimi.

Baridi ilipoanza, baraza la mji likapitisha sheria: gari linalokula mafuta mengi na kutoa moshi mchafu lisivuke barabara ya mzunguko, ile inayozunguka katikati ya mji, bila stika ya ukaguzi. Diwani alisema redioni kuwa mji umechoka na magari yanayokunywa mafuta kama ng'ombe.

"Letu linakunywa kama kuku," Radoy akacheka.

Ilikuwa kweli. Mwaka juzi Gancho, fundi wa kijiji, alikata bomba la moshi akatoa kichujio cha masizi. Kikiziba, injini hulemewa na mafuta huisha haraka. Kijijini kwetu karibu kila mtu alikitoa.

Nikalipeleka gari kwenye ukaguzi. Mkaguzi aliingiza kipimo kwenye bomba la moshi. Aliniletea kiti kwanza, ndipo akasema.

"Mama, kichujio kiko wapi?"

"Tulikitoa ili tupunguze mafuta. Si ndivyo sheria inavyotaka?"

"Inataka mafuta kidogo na kichujio kiwepo. Walioiandika hawajawahi kulala chini ya gari."

"Niandikie tu kwamba limefaulu, mwanangu. Mume wangu atakufa."

"Kipimo kinatuma majibu chenyewe, mama. Ningeweza, ningekuandikia."

Akanimiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe. Akanishikia kikombe mpaka nikanywa.

Kwa diwani nilionana na katibu wake tu. "Msamaha wa wagonjwa upo," alisema, "ila gari lazima liwe limefaulu ukaguzi." Nje lilisimama gari la diwani, kubwa kama ghala, jipya, na stika yake ya kijani.

Gancho alikuja kwetu kofia mkononi. "Mama Stoyanka, kile kichujio nilikiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kipya ni ghali kuliko gari lenyewe."

Kamera za barabarani zilikuwa zimeshatunasa mara mbili tukivuka bila stika. Mara ya tatu baraza lingeng'oa namba za gari, tubaki bila kitu. Teksi nazo zilikataa safari fupi kama ile. Basi Jumatatu niliegesha kando ya barabara ya mzunguko, Gancho akabeba kiti cha jikoni, tukaanza kutembea kwenye theluji. Radoy alipiga hatua ishirini, akakaa. Ishirini tena, akakaa. Ukichelewa dakika ishirini, mashine hupewa mwingine.

Mbele ya duka la dawa Radoy hakuinuka tena kitini.

"Mwachieni huyo mwingine mashine."

"Simama, Radoy."

"Stoyanka, nimechoka."

Gancho akachuchumaa mbele yake. "Panda mgongoni, mzee. Gunia la viazi ni zito kuliko wewe."

"Utaniangusha, mjinga wewe."

"Nikikuangusha, nitukane vizuri. Panda!"

Nilichukua kiti, nikakimbia nyuma yao. Mwanamke wa duka la dawa alitoka na koleo, akatuondolea theluji njiani mpaka kwenye kona.

Mashine tuliiwahi. Muuguzi alimfunika Radoy blanketi mbili, akaniambia leo ni Jumatatu tu, Jumatano theluji itazidi. Kwenye korido Gancho alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kiuno, hawezi kuinuka.