Vidonge Visivyo na Jina

Tangu dawa ziadimike Lebanoni, wakazi wa jengo la Nuhad pale Tripoli waligawana vidonge kwa mkasi. Mwenye navyo alikata kipande cha pakiti, akakitia kwenye kikapu cha kamba, kile kile cha kupandishia mkate na nyanya, kikaenda roshani ya asiye navyo. Hakuna aliyeuliza ni vya aina gani. Presha ni presha.

Saa mbili asubuhi Mama Fawaz wa ghorofa ya tatu alimteremshia Nuhad vidonge vinne. Nuhad akakata viwili, akavipandisha ghorofa ya sita kwa mdogo wake Munir, aliyekuwa na siku tisa bila dawa, kichwa kikimgonga, macho yakiona vimulimuli. Kipande kilichobaki, chenye jina la dawa, akaenda nacho duka la dawa kuulizia zaidi.

Rafu zilibaki na shampuu na nepi. Mfamasia Wisal, binti wa fundi viatu wa pale kona, akakigeuza kile kipande.

"Shangazi, hivi ni vya nani?"

"Vya Munir."

"Munir wa pumu?"

"Pumu anayo, lakini mimi nakuuliza ya presha."

Wisal akakiweka mezani polepole. "Dawa za presha si moja, shangazi. Yako wewe ni ya kutoa maji, ndiyo maana inakukimbiza chooni. Aliyokuwa akimeza Munir ni ya kulegeza mishipa, ile iliyomvimbisha miguu. Iko nyingine inakohoza watu. Hii ya Mama Fawaz inapunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua akakosa pumzi. Amemeza?"

Ilikuwa saa tano kasorobo. Nuhad akampigia Munir simu, imezimika. Tangu jana hakukuwa na umeme wa kuichaji.

Akatoka mbio na viatu vyake vya ndani. Chini ya jengo akaita, "Munir! Usimeze!" Jenereta za wenye uwezo mtaani zikaimeza sauti yake. Lifti ilikufa tangu majira ya kuchipua, basi akashika ngazi, na miaka yake sitini na minane.

Ghorofa ya pili akaanza kujivuta kwa kushika reli. Ya tatu akakumbuka mwaka mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipopanda ngazi hizi hizi na kilo moja ya unga kifuani, huku unga wa mji mzima umefungiwa kwenye ghala la mtu mmoja. Watoto wa mtu yule leo ndio wanaoagiza dawa kutoka nje. Juzi polisi walivunja ghala lao, wakakuta maboksi ya dawa yamefika darini, yakingoja bei ipande. Nani alifungwa? Hakuna. Wao wamefungia dawa, lakini mkono uliompandishia Munir vile vidonge ni wake yeye Nuhad.

Mlango wa ghorofa ya sita. Akagonga. Akagonga kwa viganja vyote viwili, akatega sikio asikie mtu anayekoroma kwa kukosa hewa.

Munir akafungua, uso mwekundu, kitambaa kimefungwa kichwani.

"Unavunja mlango, dada? Ingia unywe maji."

"Umevimeza?"

"Kwanza kaa."

"Munir, umevimeza?"

Akaenda kabatini, akaleta kikombe kidogo cha kahawa. Vidonge vilikuwa humo, vyote viwili. "Naviweka akiba. Leo kichwa kinavumilika. Kimoja nitakimeza Ijumaa, cha pili nikizidiwa."

Nuhad akaketi sakafuni. Njaa ya dawa iliyokuwa ikimuua ndiyo iliyomwokoa, na hilo lilimkera kuliko lilivyompoza. Akavimimina mkononi mwake.

"Unaninyang'anya?"

"Vitakubana kifua. Si vyako."

"Sawa. Basi nipe vyangu."

Hakuwa navyo. Munir akajishika ukuta, akafumba macho mpaka vimulimuli vipite.

Nuhad akatafuta kalamu. Kwenye ganda la boksi la biskuti akaandika: *Munir, ghorofa ya sita, ana pumu. Anatafuta ya kulegeza mishipa tu. Msikate jina la dawa.* Akaulaza ujumbe ndani ya kikapu, pamoja na vidonge vya Mama Fawaz vilivyozungushiwa karatasi yenye jina la mama huyo, akakiteremsha.

Kikapu kikasimama ghorofa ya nne. Mkono wa jirani ukatoka, ukachukua lile ganda, ukarudi ndani. Juu, Nuhad na Munir wakaishika kamba pamoja, wakingoja iwe nzito.