Kuku Aliyebeba Neno la Siri

Mimi, Lea, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mfungwa wa likizo hapa Ikungi, nakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Kuku hana hatia.

Neno la siri la intaneti yetu lilikuwa alute123. Alute ni babu yetu, mtaa mzima unamfahamu. Isitoshe, kwa Mama, mgeni akishapewa maji ya kunywa anapewa na neno la siri. Kumnyima ni sawa na kumnyima kiti. Jumatano, kwa wingi wa waliojiunga, kompyuta ya dada Witness ikawa inakwamakwama, na Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa na usaili kwa video: kazi ya maabara katika hospitali moja ya Dodoma. Alimaliza chuo miaka miwili iliyopita na yuko nyumbani tangu hapo. Atakayechelewa dakika kumi, ilisema barua, jina lake linakatwa.

"Lea, weka neno gumu," akaniambia. "Refu, changanya herufi na namba, lisiwe jina la mtu. Na Mama asilijue mpaka nimalize."

Nilitii kwa uaminifu wa kutisha. Kwa simu ya Baba niliweka herufi na namba ishirini zisizo na maana yoyote. Nikabandua ile karatasi ya chini ya kifaa cha intaneti yenye neno la kiwandani, nikaichoma. Kisha, kwa kuwa bwenini tumejifunza kwamba kitu kikifichwa kwenye tranka kimeshaibiwa, nikaliandika neno langu kwenye kitambaa cheupe na kukifunga mguuni mwa kuku. Kuku wetu wote wana vitambaa, wasichanganyike na wa jirani. Nani angemshuku?

Alhamisi saa tatu na robo dada akauliza neno.

"Muulize kuku mwekundu," nikajibu kwa heshima zote.

Tukatoka uani, yeye amenuna, mimi nimeinua kidevu kama mlinzi wa benki. Kuku mwekundu hakuwepo.

"Nimempa shangazi yenu Elizabeti," Mama akasema bila kuacha kupepeta mtama. "Mlitaka mgeni arudi Kinyangiri mikono mitupu?"

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye kizingiti na sketi yake iliyonyooshwa vizuri, akaitazama mikono yake. Baba alikuwa Manyoni na simu yake, ndiyo pekee iliyohifadhi neno. Nyumba yetu iko nyuma ya mwamba, simu haishiki mtandao. Tunategemea antena ya paani tu.

"Kimbia," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Stendi, basi la Singida mjini lilikuwa linanguruma. Shangazi alikuwa mlangoni, mfuko wa kitenge kwapani, kichwa chekundu kinachungulia.

"Shikamoo shangazi! Naomba kuku!"

Watu wakageuka. Hapo ndipo nilipotambua nilichosema. Kwetu zawadi ya mgeni hairudi. Kumkimbiza mgeni kudai kuku ni aibu utakayokumbushwa hadi siku ya harusi yako.

"Mama yako Asnath ndiye amekutuma?" shangazi akauliza polepole. "Kaka yangu amefikia huko?"

"Hapana, shangazi! Kuku ni wako. Nataka mguu tu."

"Mguu!" muuza karanga akashika kinywa. "Wanamgawana angali hai!"

"Nataka kuusoma."

Konda, Stanley kwa mujibu wa shati lake, akainama. "Dada, kuku huyu ana cheti?"

Dereva akapiga honi. Nikasema yote kwa pumzi moja: usaili wa Witness, neno la siri, kitambaa, saa nne. Shangazi alinitazama kama anayechagua fimbo. Kisha akaketi kwenye ngazi ya basi.

"Gari haliondoki," akamwambia konda, na konda hakubisha.

Sikuwa na karatasi. Stanley akaniazima kalamu, nikaandika mkononi, huku kuku akirusha teke kwa kila herufi.

"Nikusomee?" Stanley akavuta pumzi ya kutangazia safari.

"Usisome kwa sauti!"

Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameshatoa simu zao walinakili. Wakazirudisha mfukoni kwa majonzi.

Nilirudi mbio nimeinua mkono juu ili jasho lisiteremkie wino, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Saa nne na dakika sita nikaingia. Nilisoma, dada akaandika. Mtandao ukakataa. Karibu na kiwiko jasho lilikuwa limelamba tarakimu mojawapo.

"Saba au moja?" dada akauliza.

"Saba."

Ukakataa. Dakika ya nane.

"Lea!"

"Moja. Basi ni moja."

Akaandika. Taa ya kijani ikawaka. Nilitoka nikiwa nimeinama nisionekane kwenye video, nikasimama nyuma ya mlango bila kupumua.

"Karibu, Witness," sauti ya kiume ikasema. "Tulikuwa tunakaribia kukata jina lako. Kwa nini umechelewa?"

Nikafumba macho.

"Mtandao wa nyumbani ulifungwa vizuri mno," dada akasema, "na ufunguo akapewa mgeni. Hospitalini sitaruhusu hata kimoja kati ya hivyo viwili."

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Haya, tuanze."

Alitoka baada ya nusu saa, jasho mgongoni. Hakusema kama amefaulu. Aliambiwa asubiri Jumatatu. Akaushika mkono wangu, akausoma kuanzia kiganjani hadi kiwikoni.

"Osha," akasema. "Halafu uje tuweke lingine. Na hili utalikariri mbele yangu mara hamsini."

Nikaenda bombani. Kuku waliobaki wakanipisha njia.