Shujaa Aliyeosha Miguu

Mwanga wa asubuhi huingia kwa Dada Pasi kupitia dirisha la juu, dirisha jembamba lisilofunguka, na ukiingia hukuta mvuke umeshatangulia. Vinakutana katikati ya chumba, mwanga na mvuke, vinashikana, vinazunguka juu ya meza ya kupigia pasi, na kwa kitambo kidogo mashati yaliyotundikwa huonekana kama yana watu ndani. Dada Pasi huyatazama, hutabasamu, hurudi kwenye kola inayomsubiri.

Ni dobi. Hufua, huanika, hunyoosha, hukunja. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwao. Mtaa mzima unamwita Dada Pasi, na wenye ulimi humwita Mwenyekiti, maana ana neno juu ya kila shujaa aliyepata kuvaa barakoa na kuokoa mji. Mwulize suti yako itakuwa tayari lini, atakujibu kwa neno moja. Mwulize habari za mashujaa wa katuni, basi vuta kiti.

Hapendi mashujaa wanaoruka. Anayeruka, anasema, hajui uzito wa kitu. Hapendi wenye majoho yanayometameta: kitambaa gani hicho kisichokunjamana hata baada ya kukabana na zimwi la chuma? Yeye ameshika nguo za watu wa kazi, anajua jasho linajificha wapi, anajua kwapa na kola hazina siri. Shujaa wa sinema anabomoa nusu ya mji jioni, asubuhi yake shati jeupe pe. Nani alimfulia? Mbona huyo hatumwoni?

Na sinema zenyewe! Hapo ndipo pasi husimamishwa wima, mkono ukashika kiuno.

Katika kitabu cha katuni, anasema, baina ya picha na picha kuna nafasi nyeupe, nyembamba kama pindo, na nafasi hiyo ni yako. Picha hii ngumi imeinuliwa. Picha ile mtu yuko chini. Ngumi yenyewe umeipiga wewe unayesoma, kwa kasi uitakayo, kwa uchungu uuwezao. Sinema inakunyang'anya nafasi hiyo. Inakujazia moshi, inakujazia kelele, inakuonyesha mpaka vumbi la kwenye kope, kisha inataka uishukuru. "Wananitafunia!" husema Dada Pasi. "Mimi nina meno yangu!" Wateja hucheka, naye hucheka nao, lakini hatanii.

Yupo mmoja tu asiyemtia dosari. Nguzo.

Nguzo haruki. Nguzo hubeba. Hana mabawa, hana joho, hana gari linalotema moto. Ana mabega, basi. Paa likianguka hulidaka. Ukuta ukiinama huuegemea. Maadui zake wachache, kazi zake nyingi. Kitabu chake kilifika nyumbani kwao kimeshapita mikono ya watu wengi, jalada limeshonwa kwa uzi, kurasa zimelegea kama kanga iliyofuliwa mno. Karatasi ya mwisho haikuwepo. Iling'oka, kaka yake alimwambia. Vitabu vya kupokezana ndivyo vilivyo.

Lakini mwisho wenyewe anaujua, maana kaka yake aliwahi kuusoma.

Siku zile Dada Pasi hajaanza shule. Mama amelazwa hospitali, baba anatoka alfajiri na kurudi bila maneno, na kaka, mtoto aliyekabidhiwa mtoto, anamweka mdogo wake pajani na kumwongoza kidole juu ya picha. Hapa amekasirika. Hapa amechoka. Hapa mvua, sikia, shaaa. Mdogo alikuwa na macho bila herufi. Kaka alikuwa na vyote viwili, akagawa. Hivyo ndivyo walivyosoma, na hawakujua namna nyingine.

Na mwisho ni huu. Daraja limekatika. Nguzo yuko chini yake, maji yamemfika kifuani, watu wanavuka juu ya mabega yake, wazima na wagonjwa, waungwana na wezi, hachagui. Wa mwisho ni bibi kizee mwenye kikapu. Akishavuka anageuka, anainama, anamwambia, "Shusha, mwanangu. Tumeshavuka." Nguzo anashusha daraja polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Anakwenda nyumbani. Anavua barakoa. Anaosha miguu. Analala.

Anaosha miguu! Dada Pasi hukipenda kipande hicho kuliko vyote. Tafuta mashujaa wa dunia nzima, husema, nionyeshe mwingine aliyeosha miguu kabla ya kupanda kitandani.

Mama hakurudi kutoka hospitali. Nguzo alirudi nyumbani kila jioni, kwa sauti ya kaka, mpaka mdogo akakua, akajua herufi, akajua na kazi ya kufulia watu. Hilo hawakuwahi kulizungumza. Walilibeba tu.

Kaka naye akawa fundi saa. Alikuwa na meza ndogo yenye taa iliyoinamishwa, na kioo cha kukuza alichokibana jichoni, na mkono usiotikisika. Kisha presha ya macho ikamwingia taratibu, kama mgeni asiyebisha hodi, ikamzimia nuru ya macho ukingoni kwanza, halafu katikati. Meza ikafunikwa shuka. Siku hizi anakaa kwenye kiti karibu na kitanda chake, saa zake zimesimama, redio hataki, wageni hataki. Ameitwa harusini, amekataa. Ameitwa msibani, amekataa, na anayekataa msiba ameshajitoa kwa watu.

"Wifi," mkewe alimwambia Dada Pasi mlangoni, sauti chini, "kaka yako amekuwa kabati. Namfuta vumbi tu." Alitaka kucheka, ikashindikana, akajifuta uso kwa ncha ya upande wa kanga.

Ndipo habari zikaja mtaani kwamba Nguzo ametiwa kwenye sinema.

Fundi Simu, kijana wa duka la jirani mwenye ndevu mpya na elimu ya mitandao, ndiye aliyezileta, pamoja na suruali ya kupigwa pasi. "Mwenyekiti, jiandae kulia. Mwishoni anakufa."

"Nani anakufa?"

"Nguzo. Hata kitabuni anakufa. Nimekisoma chote kwenye simu."

"Simu ndiyo iliyosoma, wewe ulikuwa unasukuma kidole!" Dada Pasi alisimamisha pasi. "Mimi nimesomewa na mtu. Anashusha daraja, anakwenda kwake, anaosha miguu, analala."

"Miguu? Dada, miguu gani? Hakuna miguu popote!"

"Chukua suruali yako utoke nayo na mikunjo yake." Akashinda ubishi, kwa sababu duka lilikuwa lake.

Jumamosi alifunga mapema, akaenda kwa kaka na shati alilolinyoosha mwenyewe. Akamweleza. Kaka akapapasa ukingo wa kiti kwa vidole.

"Si unazichukia sinema, wewe?"

"Nazichukia. Natafuta mwenzangu wa kuzichukia naye."

"Nitaona nini mimi, mdogo wangu?"

"Nitakuonea."

Wifi alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza. Walijua wote wawili, wanawake hao, kwamba hiki ndicho chambo cha mwisho. Akimkataa Nguzo, hakuna kitakachomtoa tena. Kaka akanyoosha mkono hewani, akauliza kwa ukali wa aibu, "Shati liko wapi?"

Basi wakaenda, onyesho la mchana, wakakaa safu ya nyuma. Giza la ukumbi likawasawazisha. Dada Pasi akaweka mdomo kwenye sikio la kaka yake, akaanza kazi.

"Yuko juu ya paa. Mvua. Mungu wangu, kaka, wamempa joho."

"Nguzo? Joho?"

"Jekundu."

"Wana wazimu?"

"Na linametameta."

"Shhh," mtu wa mbele akasema. Kaka akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. Mkewe hajasikia kicheko hicho tangu meza ifunikwe shuka, na Dada Pasi alikisikia kwa mwili wake wote, akaogopa kukigusa kisije kikakatika.

Akamwonea. Akamwonea kuta zikipasuka na mbwa akikimbia, akamwonea uso wa mwigizaji: mzuri, mzuri mno, hajawahi kubeba hata ndoo. Skrini ilikuwa na haraka, naye hakuweza kusema yote. Alisema hiki akaruka kile, alisema ngumi imeinuliwa na kabla hajasema imetua kaka alishaguna. Ndipo akatambua kitu kilichomfurahisha kuliko alivyotaka kukiri. Ile nafasi nyeupe ilikuwa imerudi. Ilikuwa pale, baina ya mdomo wake na sikio la kaka, na kaka alikuwa anaijaza mwenyewe. Nguzo haruki, Nguzo hubeba, na kaka yake alikuwa anabeba naye, amekunja ngumi juu ya magoti, jasho limemtoka.

Kisha daraja likakatika.

Dada Pasi alinyooka kitini. Huu sasa ni wetu, alisema moyoni. Maji yakafika kifuani. Watu wakavuka. Akamngoja bibi kizee mwenye kikapu. Akavuka mwanajeshi, akavuka mama na mwana, kisha hakuna aliyevuka tena, na bibi hakutokea. Daraja likazama. Mabega yakazama. Ukabaki mkono mmoja juu ya maji, halafu vidole, halafu maji matupu. Muziki ukanyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa unavuta makamasi.

"Kimya hiki cha nini?" kaka akanong'ona. "Anafanya nini?"

Dada Pasi alikuwa na hasira tayari mdomoni, hasira safi aliyoiandaa wiki nzima: wamemuua, wajinga hawa, wamemuua mtu mzima na miguu yake! Lakini alimtazama kaka yake, uso umeelekezwa kwenye mwanga asiouona, unasubiri. Akakiona kile kiti cha karibu na kitanda. Akamwona wifi na kitambaa cha vumbi. Je, wewe ungesema nini? Yeye alisema:

"Bibi amevuka. Amegeuka. Anamwambia, shusha, mwanangu." Akasogeza mdomo karibu zaidi na sikio. "Anashusha daraja. Polepole. Anakwenda nyumbani. Amevua barakoa. Anaosha miguu, kaka."

Kaka alianza kutetemeka. Dada Pasi akadhani analia, akamshika mkono; kumbe anacheka, kisha kweli analia, kisha vyote kwa pamoja.

"Muongo mkubwa," alisema. "Hiyo si yao. Hiyo ni yangu."

"Yako vipi?"

"Ile karatasi haikung'oka. Niliing'oa mimi, nikaitia jikoni, ikaungua. Tulikuwa tumetoka kumzika mama jioni ileile. Ukaniletea kitabu, ukanikalia pajani, ukasema malizia. Ningekusomea nini?"

Taa zikawashwa. Watu walikuwa wanasimama, wanakanyagana miguu, wanaombana radhi. Wao walibaki wamekaa.

"Na miguu?" aliuliza Dada Pasi, kwa sauti ya mtoto ambaye hakujua kwamba bado yumo ndani yake.

"Ulikuwa hutaki kuosha miguu. Kila siku unapanda kitandani na matope, na mashuka nafua mimi. Nikasema, basi hata Nguzo anaosha."

Dada Pasi hakuona haya, ingawa alifikiria miaka yote aliyowafokea vijana wa watu kwa ajili ya mwisho ulioandikwa na mvulana mmoja kwa msikilizaji mmoja. Aliona upendo tu, mwingi, wa ghafla, na hakujua auweke wapi ndani ya ukumbi unaonuka mazulia. Akalia waziwazi, kama wale wengine waliolia, kwa sababu nyingine.

Kaka alimngoja anyamaze. Kisha akasema, "Sasa nipe ya kweli. Mimi nilikuficha kwa kuwa ulikuwa mdogo. Mimi ni mdogo?"

"Hapana, kaka."

"Basi nionee."

Akamwonea. Bila bibi, bila kikapu. Alimwambia mabega yalivyokwenda chini bila papara, na jinsi ulivyobaki mkono.

"Vidole vinafunguka?"

"Vinafunguka."

"Kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja. Cha mwisho, kile kidogo."

Kaka alishusha pumzi ndefu. "Ndivyo alivyochorwa," alisema. "Hawakubadilisha kitu." Picha ile aliiona mara moja tu, akiwa mtoto mwenye udongo wa kaburi viatuni, akaichoma, akakaa nayo peke yake mpaka macho yenyewe yakamwacha. Sasa walikuwa wawili walioiona.

Dada Pasi akapangusa uso. "Basi wameitendea haki," akakiri, na neno lilimtoka kwa shida kama doa la wino. "Ukiondoa joho."

"Joho hawasamehewi." Kaka akasimama kwanza yeye, akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wake. "Jumamosi ijayo wanaonyesha nini?"

"Yule anayeruka. Mbovu, kaka. Mbovu haina mfano."

"Vizuri," alisema. "Utanieleza ubovu wake wote. Usinifichie hata kidogo."