Picha Aliyoiona Mama Kule Kondele

Kaka yangu Dalmas alikuwa na maoni juu ya kila picha ya mizimu iliyoonyeshwa Kondele. Alifanya kazi katika kiwanda cha sukari Muhoroni, na Jumamosi akija mjini, nguo zikinuka molasi, hakupitia kwangu Obunga kwanza. Alipitia kwa Salim, aliyekuwa na chumba cha mabati, televisheni moja na mabenchi ya mbao. Salim alisimama kando ya televisheni akitufasiria kwa Kiswahili, na pale asipojua alibuni.

"Jini likishaonyesha meno, picha imeisha," Dalmas alikuwa akisema. "La kutisha ni lile lililo nyuma ya pazia." Picha za wachawi wa kale na misitu yenye ukungu hazikumtisha. Moshi ule, alisema, ni wa kukausha samaki. Damu yao ilikuwa rangi ya soda. Lakini mtu aliyekufa akirudi, Dalmas alinyamaza, mikono katikati ya magoti, kama yuko kanisani.

"Unajua kwa nini wafu wa Wazungu wanarudi, Benta?" aliniuliza siku moja tukitoka. "Hawajui kuzika. Kwa saa moja tu wamemaliza, wanakwenda kunywa chai. Hapa kwetu tunamlilia mtu, tunamwimbia, tunamkimbizia ng'ombe kufukuza mauti, tunanyoa nywele, mpaka marehemu mwenyewe anachoka. Atarudi kufanya nini?"

Nilicheka sana siku hiyo.

Mwaka ule gugu maji lilifunika ziwa hadi ukadhani ni shamba. Dalmas alivuka kwenda matanga ya rafiki yake upande wa pili wa ghuba. Upepo ukaja, mtumbwi ukapinduka, na wenzake wote wakapatikana. Yeye hakupatikana. Wavuvi walisukuma magugu kwa miti mirefu mpaka wakakata tamaa.

Kwetu Seme, mtu akipotelea majini hivyo, huzikwa tunda la yago mahali pake. Ni tunda refu na zito, unene wa paja. Likishazikwa, marehemu amefika nyumbani, anaweza kulala. Baba mdogo Walter alikwenda kulikata mwenyewe akaliweka katika nyumba ya Dalmas. Mama akakataa.

"Kumzika ni kumwambia asirudi," alisema. "Mmemwona? Nani amemwona?"

Kila jioni alipakua ugali na samaki katika sahani ya bluu ya Dalmas, akaiweka mezani na kuuacha mlango wazi. Mbwa waliingia wakala. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba asiyezikwa huhangaika, na akihangaika sana huwarudia wenye nyumba. Walter akaniomba nimchukue Mama mjini apumzike. Tunda lilikuwa limeanza kunyauka.

Kule Obunga Mama hakulia wala hakula. Nikawa namsimulia maneno ya Dalmas kuhusu picha, moshi wa samaki, damu ya soda. Nilipofika kwenye ng'ombe na kunyoa nywele, aliinua uso.

"Hizo picha ziko wapi? Nataka kuona alichokuwa akikiona mwanangu."

"Mama, ni mambo ya vijana."

"Yeye alikuwa nani? Twende."

Jumamosi mchana tukaenda. Salim alimpa Mama kiti chake mwenyewe, akamwambia, "Pole sana, Mama Dalmas. Hapo mbele ndipo alipokuwa akikaa." Sikuuliza picha inahusu nini. Ningeuliza, tungerudi.

Ilikuwa ya msichana wa Kizungu aliyezama katika ziwa lililo mbele ya nyumba yao. Hakuonekana tena. Mama yake akawa anaandaa chakula na kuacha mlango wazi. Nikamshika Mama mkono tuondoke, akautoa.

Msichana alikuja. Hakuwa na meno marefu wala damu. Alisimama kizingitini, maji yakimtoka nywele, sakafu ikilowa. Hakuingia, hakuondoka. Kila usiku alisimama pale, na kila usiku alikuwa amechoka zaidi.

"Huyu mama anasema, ingia mwanangu, ingia," Salim akafasiri.

Vijana wakapiga mluzi. "Mrembo, jikaushe kwanza!" mmoja akapaza sauti, na benchi zima likacheka.

Mama akasimama.

"Wewe mama!" aliiambia televisheni. "Usimwite! Huoni amelowa? Mtoto anataka kulala, wewe unamwekea chakula! Mpe mahali pake!"

"Mathe, keti, hatuoni," kijana wa nyuma alisema.

"Nyamaza," mwenzake akamjibu. "Ni mama yake Dalmas."

Hakuna aliyecheka tena. Salim alisahau kufasiri. Watu wote katika chumba kile cha mabati, wengine wakiwa wamevua kofia, walimtazama mtoto yule akitiririka maji, naye akageuza uso akatutazama sisi. Nimeona picha nyingi tangu siku ile, zenye majini makubwa kuliko minara. Sijaona tena kitu kama uso ule.

Mama hakungoja mwisho.

"Twende nyumbani," alisema. "Lile tunda litaharibika."

Kaburi lilichimbwa urefu wa mtu mzima, kwa sababu Dalmas alikuwa mrefu. Mama alilifunga tunda kwa shati la kazi la Dalmas, bado lina harufu ya molasi. Walipotaka kuliteremsha, akawazuia.

"Walter, kichwa kiko upande gani?"

Baba mdogo akaligeuza tunda, akaligeuza tena. Akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama miguu yake. Alikuwa amezika watu wengi, lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Shemeji, kwa kweli..."

"Ninyi wanaume mlilikata bila kuuliza?" Mama alisema, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, halafu Mama mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu ziwa limchukue Dalmas. Akapapasa shati kwa vidole mpaka akapata kikonyo. "Hapa ndipo alipokuwa ameshikwa. Hiki ndicho kichwa." Akakilaza kwa mkono wake, polepole, kama anayeogopa kumwamsha.

Tulilia, tukaimba, ng'ombe wakakimbizwa hadi ukingo wa ziwa na kurudishwa. Tukanyolewa.

Jioni ya siku tuliyonyolewa, Mama alipakua chakula. Akachukua sahani ya bluu, akaitazama kidogo, akanipa mimi.

"Kula, Benta. Kinapoa."

Kisha akaenda akafunga mlango.