Kaburi la Shemeji

Kijijini zilibaki nyumba mbili tu, za ndugu wawili wasiosemezana tangu kondoo wa mdogo walipomaliza ngano ya mkubwa ikikaribia kuvunwa. Mke wa mkubwa alijitahidi sana kuwapatanisha, akashindwa. Alipofariki, hakukuwa na mwingine wa kusaidia kuchimba, basi mdogo akabeba sepetu lake akaenda.

Walichimba bila neno, wakamzika. Mdogo akashindwa kuvumilia.

"Pole, kaka. Shemeji alikuwa kama mama kwangu."

Kaka yake alikung'uta udongo mikononi. "Asante kwa kuchimba. La kwangu usijisumbue. Nitalichimba mwenyewe nikiwa bado na nguvu."

Mdogo alirudi zizini. Kondoo walikuwa wakilia njaa. Akaketi katikati yao, akalia naye.